Nilipima Mtu, Sikupima Majani

Niliendesha gari ya abiria miaka 9, njia nambari 309, kutoka Mjini kwenda Jambiani, hapa kisiwani Unguja. Siku hizi naendesha basi dogo la wafanyakazi wa hoteli: alfajiri nawapeleka, jioni nawarudisha. Haya ninayoyaandika nimeyabeba tangu Ramadhani ya mwaka 2014. Kilichonifanya niyaandike sasa ni vijana wawili wa mtaani kwetu walioanza kushika usukani mwaka huu. Nikikaa nao barazani nawasikia wakizungumza kama nilivyokuwa nikizungumza mimi: leo trafiki kasimama wapi, fulani kakamatwa kwa kosa gani, katozwa kiasi gani. Kosa la barabarani kwao ni jambo baina ya dereva na trafiki. Trafiki asipokuwepo, na kosa halipo.

Kwa asiyeijua kazi, nianze na hesabu. Gari si yako, ni ya tajiri. Kila usiku unampelekea kiasi mlichokubaliana, na mafuta unatia wewe. Kinachozidi ndicho chako na konda wako. Kwa hivyo abiria waliokaa vizuri kwenye mabenchi si wako: wa mwanzo ni wa tajiri, wa kati ni wa mafuta. Wako ni yule aliyesimama ameinamisha shingo chini ya paa, na yule aliyeshika ngazi ya nyuma kwa mkono mmoja. Ukiwakataa hao, unarudi nyumbani mikono mitupu ilhali umeshinda barabarani tangu alfajiri. Sisemi haya kujitetea. Nayasema kwa sababu anayemwambia dereva "usizidishe abiria" bila ya kuijua hesabu hii anazungumza na ukuta.

Mwendo wa kasi nao unatoka hapo hapo. Gari mbili za njia moja zikiondoka pamoja, ya mbele ndiyo inayozoa abiria njiani, ya nyuma inaokota mabaki. Ndiyo maana tulikuwa tukifukuzana kutoka Mwanakwerekwe mpaka Tunguu. Tunguu kuna vyuo vikuu viwili, wanafunzi wanashuka na kuvuka mchana kutwa. Mmoja wetu anasimama kushusha, mwengine anampita ubavuni, na wala hajui nani anavuka mbele ya ile gari iliyosimama. Nilifanya hivyo mara nyingi kiasi cha kutoweza kuhesabu. Mwenyezi Mungu alitusitiri.

Tulikuwa na ujuzi wetu wa kumkwepa trafiki. Mkanda nilikuwa nautupia begani bila ya kuufunga, ulimi wake nimeukalia. Nikikaribia mahali pa ukaguzi nauvuta kifuani, nikishapita nauachia. Gari inayokuja mbele ikinipigia taa mara mbili, najua wapo. Hapo konda anawaambia waliosimama wachuchumae, na wa ngazini washuke watangulie kwa miguu, tutawachukua mbele. Nilikuwa naona kule kupigiana taa ni udugu wa madereva. Leo naona tulikuwa tunaambizana pahala pa kupunguza mwendo, na papo hapo tunaambizana kwamba kwengine kote hapana haja.

Kabla ya mwaka ule nilikuwa nimeshakamatwa mara 4. Mara moja ilikuwa Julai, siku ya Mwaka Kogwa, pale watu wa Makunduchi waliotawanyika kisiwa kizima wanaporudi kwao kwa sherehe. Siku hiyo gari zote huelekea kusini, hata za njia nyengine. Mimi nilijaza ndani, nikajaza ngazini, na vijana wengine wakakaa juu ya paa pamoja na mizigo, miguu imening'inia mbele ya kioo changu. Nikazuiwa, nikapelekwa mahakamani kesho yake, nikakubali kosa, nikatozwa. Faini ile haikufika hesabu ya siku mbili. Adhuhuri niko barabarani tena. Nilipotoka pale sikuwafikiria wale vijana wa juu ya paa hata kidogo. Nilifikiria siku yangu iliyokatika.

Sasa Ramadhani ile. Iliingia mwishoni mwa Juni, na katikati ya Julai adhana ya magharibi ilikuwa kiasi cha saa 12 na dakika 20. Aliyewahi kupanda gari ya shamba ndani ya Ramadhani anaijua safari ya mwisho kabla ya futari. Kila abiria ana kitu mapajani: tende, mkate wa kumimina, pweza kwenye mfuko, tambi. Kila mtu anatazama saa. Na dereva naye kafunga, hajala wala hajanywa maji tangu alfajiri, kichwa kizito, macho makavu, na watu 30 nyuma yake wanataka wafike kwao kabla ya adhana.

Tuliondoka saa 11 kamili. Gari ilikuwa ile ya mabenchi ya kutazamana, ubavuni wazi, mizigo juu. Nilikuwa nimesubiri ijae hata nikachelewa, na mbele yangu kulikuwa na gari nyengine ya njia yetu iliyotangulia dakika tano. Niliikuta Jumbi, ikanizibia mpaka nikapita Tunguu. Tukaingia Bungi, pale penye safu za miembe ya Bi Khole, ile iliyopandwa karne ya 19 na binti wa Sayyid Said. Ni pahala pazuri, wageni husimama kupiga picha. Lakini jioni pale barabara ni mistari ya mwanga na kivuli, mwanga na kivuli, na jicho lililochoka linaona nusu tu ya kilichopo.

Nikatoka kulia kuipita ile gari. Nilipofika ubavuni kwake nikaona lori la mchanga linakuja. Palikuwa na wasaa wa kukanyaga breki nikarudi nyuma ya mwenzangu. Badala yake nikakanyaga mafuta. Nikampita, nikakata kushoto mbele yake, na hapo ndipo nilipomwona mzee kwenye baskeli, ukingoni mwa lami, mgongo kanipa. Ile gari niliyoipita ndiyo iliyokuwa imemficha.

Nilimwona na nikapiga hesabu. Nakumbuka wazi kwamba nilipiga hesabu: mtu kwenye baskeli hachukui nafasi, nitapita. Na kweli mtu mwenyewe nilimpita. Lakini kwenye keria alikuwa amefunga mzigo wa majani ya ng'ombe, ule mzigo unaouona kila siku shamba, uliolazwa kwa upana, umetoka zaidi ya usukani huku na huku. Kioo changu cha kushoto kikanasa kwenye majani.

Sikusikia kishindo. Nilisikia kama mtu anayepasua kitambaa. Halafu konda akapiga ukelele, "Mzee! Mzee!" Nikafunga breki. Gari iliposimama, kioo cha pembeni kilikuwa kimegeuka kikanitazama mimi, na kimejaa majani mabichi. Redioni ilikuwa inasomwa Qur'ani ya kungojea futari.

Konda akaja dirishani akasema kwa sauti ya chini, "Usishuke. Nenda moja kwa moja kituo cha polisi, watu watakupiga." Ni ushauri ambao madereva wengi wameushika, na wengine wanauzidisha wakapotelea mbali kabisa. Mguu wangu ulikuwa bado uko kwenye klachi. Bibi mmoja aliyekaa benchi la karibu na mimi, mwenye kikapu cha mihogo, akanishika bega akasema, "Shuka mwanangu. Yule ni baba wa mtu." Nikashuka. Namwombea dua bibi yule mpaka leo, na sijui hata kwao ni wapi.

Mzee alikuwa amelala kwenye mchanga, mguu wa kulia umekaa vibaya, macho wazi. Watu walikuja, na mmoja alinikamata shati, lakini aliponiona nimepiga magoti namshika mzee kichwa, akaniachia. Tukampakia kwenye gari ndogo iliyokuwa inaelekea mjini. Adhana ilitukuta njiani. Mzee akaniuliza kama ni magharibi, nikamwambia ndiyo. Akaomba maji, na hatukuwa na ujasiri wa kumpa, hatujui ndani kaumia vipi. Mtu aliyefunga siku nzima, na maji yapo mbele yake, asiyapate kwa sababu yangu.

Mfupa wa paja ulikuwa umevunjika. Kule hospitali ya Mnazi Mmoja walimlaza, mguu ukafungwa kwenye kamba na uzito. Polisi walitoa PF3, ile fomu yao ya matibabu ya majeruhi, mimi nikachukuliwa maelezo, gari ikabaki kituoni.

Kesho yake mkaguzi wa magari alinirudisha Bungi. Alikuwa mtu mzima, mpole, na upole wake uliniumiza kuliko kama angenikemea. Alipima kwa utepe kuanzia pale majani yalipomwagika mpaka gari iliposimama. "Ulikuwa kwenye ngapi?" akaniuliza. Nikasema kama 60. Akanionesha alama za tairi. "Hizi si za 60. Ulikuwa kwenye 80 au zaidi." Kisha akaniambia jambo ambalo katika miaka yote ya usukani hakuna aliyewahi kunieleza namna ile. Kwenye 80 gari inakwenda mita 22 kila sekunde. Jicho likishaona hatari, inapita kiasi cha sekunde nzima kabla mguu haujaifikia breki, na mtu aliyefunga na kuchoka huzidi hapo. Yaani mita 22 unakwenda kama ulivyo, hujapunguza chochote. Kwenye 50 ni mita 14. Na breki nazo hazifuati mwendo sawa kwa sawa: ukizidisha mwendo mara mbili, gari inahitaji masafa mara nne mpaka isimame. Akatembea hatua 22 mbele yangu, akihesabu kwa sauti, kutoka mwembe mmoja kwenda wa pili. "Hapa," akasema, "ndipo ulipoanza kuendesha gari. Huku nyuma kote ilikuwa inajiendesha."

Kuhusu sheria nitasema kwa ufupi. Zanzibar tuna sheria yetu wenyewe ya barabara, Sheria ya Usafiri Barabarani Namba 7 ya mwaka 2003, na mtu anayeomba leseni huku aitafute aisome, asitegemee ya kusikia. Mimi nilishitakiwa kwa kuendesha bila ya hadhari na kwa kuzidisha abiria, maana konda na abiria waliulizwa idadi na hakuna aliyeificha. Kesi iliahirishwa mara 6. Kila kuahirishwa ni kuamka, kuvaa shati safi, kukaa kwenye benchi mpaka mchana, na kurudi bila ya kitu. Mwishowe nikatozwa faini na leseni ikafungiwa miezi 12. Watu walidhani jamaa wa mzee wakishanisamehe mambo yamekwisha. Hayakwishi. Walinisamehe, tulikwenda kwao na sheha na wazee wa mtaani kwetu, tukasomewa Fatiha, tukapeana mikono. Msamaha ule ulikuwa na uzito wake mbele ya hakimu, lakini kesi ni ya Serikali, si ya familia.

Gari ilikaa kituoni wiki tatu. Tajiri alikuwa na bima ndogo, ile inayomwangalia mtu wa tatu. Kioo, bodi na siku zilizopotea si kazi yake. Hakunidai, lakini hakunipa gari tena, na simlaumu. Konda wangu, aliyekuwa hana kosa lolote, naye alikosa kazi mpaka baada ya Idi. Mke wangu aliuza bangili zake mbili bila ya kuniambia. Nilijua nilipoona mkono mtupu, siku ya mwezi 27 Ramadhani, akinipakulia uji. Idi ile watoto walivaa nguo za mwaka uliopita.

Lakini hayo yote, pamoja na faini na mahakama, niliyatarajia. Sikutarajia la ng'ombe.

Siku ya tano nilikwenda kumtazama mzee hospitali, nimembebea uji wa pilipili manga. Akanywa kidogo, akanitazama muda, akasema, "Ng'ombe wangu kala?" Nilidhani kachanganyikiwa na dawa. Akarudia: ana ng'ombe mmoja mwenye mimba na ndama mmoja, mkewe magoti hayampeleki, mtoto wake wa kiume yuko ng'ambo anatafuta riziki, na nyumbani kuna mjukuu wa miaka 9 tu. Kila siku baada ya alasiri yeye ndiye anayekwenda kukata majani. Siku ile nilipomgonga alikuwa anarudi na chakula cha siku mbili.

Sikuwa na kazi, sikuwa na leseni. Nikaenda. Baskeli ya mzee ilikuwa imepinda gurudumu la nyuma tu, nikaitengeneza. Nikapewa mundu. Mjukuu akanionesha pa kukata na namna ya kufunga: majani unayalaza kwa upana, unayakaza kwa mpira wa tyubu, kamba ya kawaida inalegea. Siku za mwanzo mzigo ulikuwa unanidondoka kila baada ya hatua mia. Nilikata majani ya ng'ombe yule miezi mitano.

Yote niliyokuwa siyajui katika miaka 9 ya usukani niliyajua juu ya baskeli ile.

Mzigo uko nyuma yako, mpana kuliko wewe, kwa hivyo huwezi kugeuka ukaona. Gari inayokuja unaisikia tu. Unajifunza kuijua kwa mlio: hii ya abiria, hili lori, hii ndogo ina haraka. Unangoja uone itapita karibu kiasi gani, na huna la kufanya. Lori likikupita kwa kasi, upepo wake kwanza unakusukuma nje, halafu unakuvuta ndani kuelekea magurudumu ya nyuma. Nilipokuwa dereva nilikuwa nawapigia honi watu hawa nikisema, kwa nini hawashuki pembeni? Sasa nikajua. Ukingo wa lami umemeguka, chini yake ni mchanga. Gurudumu la mbele likiingia mchangani na mzigo ule nyuma, unaanguka, na unaangukia upande wa barabara. Mwendesha baskeli hakai juu ya lami kwa ubishi. Na ile honi ya ghafla mgongoni, inayopigwa ili ajue unakuja, ndiyo inayomfanya ayumbe.

Nikawaona madereva kwa uso, maana wanaotoka mbele unawaona. Niliwaona wangapi wameinamisha kichwa kwenye simu! Unamwona anakuja, unaona utosi wake badala ya macho yake. Shirika la Afya Duniani linasema hatari ya kupata ajali kwa dereva anayetumia simu ni kiasi cha mara 4 ya asiyetumia, nami niliposoma hivyo sikuhitaji kushawishiwa. Niliona vespa zimebeba baba, mama na watoto wawili, na kofia ngumu moja tu, nayo baba kaivisha kwenye kiwiko mpaka atakapowaona trafiki. Niliona wageni kwenye pikipiki za kukodi wakitoka kwenye mgahawa na kushika upande wa kulia kama walivyozoea kwao Ulaya, kisha wakastuka. Na jioni kuna gari za taa moja. Dereva mwenye taa moja anadhani kasoro yake ni ndogo, kwani anaona mbele. Anayemtazama anadhani inakuja vespa, anaiachia nafasi ya vespa.

Nilipitwa kwa karibu na rafiki zangu. Gari za njia ya 309, watu niliokula nao, walinipita mkono mmoja kutoka majani, na hawakunijua kwa sababu mbele yao hapakuwa na mtu, palikuwa na mzigo.

Kuna sehemu moja ya njia yetu ambapo dereva hupunguza mwendo atake asitake, nayo ni Jozani, penye msitu. Kima punju wa pale, ambao duniani hawapatikani pengine ila Zanzibar, walikuwa wakigongwa kila baada ya wiki mbili au tatu. Yakawekwa matuta. Vifo havikwisha lakini vilipungua sana. Nilikuwa mmoja wa madereva waliokuwa wakinung'unika kwamba matuta yale yanaua springi na kuchelewesha safari. Nilipokuwa na baskeli nilikwenda mara moja mpaka Jozani kwa shughuli nyengine, nikakuta pale ndipo pahala pekee katika barabara nzima ambapo gari zilinipita kama binaadamu. Tuta halijui kama trafiki yupo au hayupo, na haliongei na konda. Vijiji vingi njiani vinaomba matuta na hawana, na kila ninaposikia dereva analalamikia tuta, namkumbusha ni nani aliyelala chini yake.

Mzee alitoka hospitali baada ya wiki nyingi. Anatembea kwa mkongojo, mguu wa kulia umekuwa mfupi kidogo kuliko mwenzake. Kwenye baskeli hakupanda tena. Ng'ombe alizaa salama mwezi wa Disemba, mtamba, na mzee alisisitiza nichukue maziwa ya kwanza yaliyofaa kunywewa. Nilikunywa nikiwa nimesimama kwenye ua wake na sikuweza kuyamaliza.

Leseni iliporudi sikurudi kwenye gari ya abiria. Nilijijua. Ile hesabu ya tajiri ingenirudisha kulekule, na sikuwa na imani na mguu wangu wa kulia. Hii kazi ya hoteli inalipa kwa mwezi, iwe nimefika mapema au nimechelewa dakika kumi, abiria ni idadi ya viti. Nawaambia wale vijana wawili wa mtaani: kabla hujashika gari, kaa na tajiri mzungumze hesabu. Mwambie, gari hii ina viti kadhaa, nitakupa kinachotoka kwenye viti hivyo. Akikataa, jua kwamba amekupa gari na makosa yake pamoja, na siku ya kusimama kizimbani utasimama peke yako. Mmoja alinisikiliza, akapata tajiri mwengine. Wa pili aliniambia, "Ami, zama zako si zama hizi."

Ramadhani iliyopita nilikuwa nawarudisha wafanyakazi mjini, saa 11 na nusu imeshapita. Chini ya miembe ya Bungi, mbele yangu kulikuwa na kijana kwenye baskeli na mzigo wa majani, na mbele yake gari zinakuja moja baada ya moja. Nikakaa nyuma yake, mwendo wa baskeli. Nyuma yangu wakaanza kupiga honi, kisha taa. Dada mmoja wa jikoni akasema kwa upole, "Dereva, adhana." Nikamwambia, "Naisikia, dada yangu. Tende ziko kwenye kisanduku hapo, zigawe." Akazigawa, zikanifikia na mimi, nikaishika moja mkononi.

Sijui kama alikuwa yule mjukuu. Umri ungelingana, lakini mzigo ulimficha. Akafika kwenye njia ya udongo, akakata kushoto, akainua mkono bila ya kugeuka. Gari tatu zilizokuwa nyuma yangu zikanipita kwa mkupuo mmoja, ya mwisho ikiwa na taa moja.